Bustani Isiyo na Zamu

“Maji yenu siku gani?”

Aliyeniuliza alikuwa mzee wa bustani ya pili, kanzu kaipandisha na kuifunga kiunoni, jembe begani. Ilikuwa asubuhi yetu ya kwanza tangu Baba anunue bustani, kijiji kimoja nyuma ya Ibra, Oman, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mfereji. Sikuelewa anauliza nini. Maji yalikuwa pale pale, nusu hatua kutoka miguuni mwangu, yakienda mbio kando ya ukuta wetu.

“Si haya, Ami?” nikasema.

Hakucheka. Aliyatazama maji, akanitazama mimi. “Haya yangu mpaka adhuhuri,” akasema, akaenda zake kufungulia.

Nikamwendea Baba, aliyekuwa akifagia makuti makavu chini ya mitende. Nikamuuliza maji yetu ni siku gani.

“Sisi hatuna siku,” alisema, bila kuinua kichwa.

Nilikuja kuelewa wiki ile ile, na ilikuwa tumeshachelewa. Maji ya falaji hutoka chini ya mlima, yakaja kijijini kwa mfereji uliochimbwa na watu waliokufa zamani sana, na kila dakika yake ina mwenyewe. Mtu hamiliki maji, anamiliki muda: nusu saa, saa nzima, kila baada ya siku kadhaa. Zamu yake ikifika huondoa jiwe na matambara, maji yakaingia kwake; zamu ikisha huziba. Na zamu hiyo huuzwa mbali na ardhi. Mtu anaweza kuwa na mitende mia bila tone, na mwingine akawa na maji bila hata ua.

Sisi tulikuwa watu wa Pemba. Baba aliletwa Oman akiwa mtoto, akafanya kazi ofisi ya serikali Nizwa mpaka akastaafu, na alichokitaka baada ya hapo ni kimoja tu: ashike jembe kwenye kilicho chake kabla hajashindwa kuinama. Nilikuwa simwelewi. Nilimuuliza kwa nini asinunue nyumba ndogo Nizwa akaipangisha. Nilimuuliza kama anataka shamba au anataka shamba la babake, lile la karafuu lililobaki kule. Alinijibu kwamba chuo kikuu kilinifundisha maswali tu.

Bibi, mamake Baba, alikuwa na swali lake mwenyewe. Siku ya kwenda kutia saini alituita kitandani kwake.

“Muulizeni, miti imo? Wasije wakakuuzieni udongo, miti wakabaki nayo wao.”

Kwao Pemba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule, na jamaa walikuwa wakigombana mpaka wajukuu hawasalimiani. Maji hakuna aliyeyauliza. Maji yalikuwa yakinyesha, yakiwanyeshea wote.

Basi nilikwenda na Baba kwa dalali nimejiandaa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Ibra, na Kiswahili alikijua, mamake alizaliwa Unguja. Wanaume wengine wawili walikuwa wamekaa wakinywa kahawa. Niliuliza hati, nikauliza mipaka, nikauliza miti.

“Miti yote imo, hata iliyokufa,” dalali alisema. “Nyie watu wa karafuu nyote mwauliza miti. Sasa, hiyo ni bustani. Maji yake ni bei mbali.”

Nikamwambia maji yanapita mlangoni mwa bustani, nimeyaona kwa macho yangu. Atauzaje kitu kinachopita?

“Huyu binti kasoma nini?” dalali alimuuliza Baba.

“Kompyuta.”

“Basi aiulize kompyuta yake falaji inakwendaje.”

Wale wawili wakacheka ndani ya vikombe. Nikahisi uso wangu unawaka. “Baba,” nikasema, kwa sauti ya kusikika, “huyu anatuona wageni. Hiki ni kiini macho. Tunachukua bustani, basi.”

Nakumbuka Baba alikizungusha kikombe kidogo cha kahawa mara mbili tatu kwenye vidole vyake. Kisha akachukua kalamu.

Kiangazi cha kwanza tuliagiza maji ya gari. Gari lilikuwa halipiti kichochoro cha kuta za udongo, kwa hiyo tulivuta mpira mrefu, na nusu ya maji yakaishia njiani. Tuliomba ruhusa ya kuchimba kisima, hatukupewa, kwa sababu kingenyonya falaji. Mzee jirani alitupa robo saa ya zamu yake mara mbili, kisha wanawe wakamkataza. Kila Ijumaa Baba alikaa kwenye ukingo, mgongo kaupa ukuta, akisikiliza maji ya wenzake yakimpita. Mitende hufa polepole. Makuti ya chini hukauka kwanza, na mtu hujiambia ndivyo yalivyo. Mwaka wa tatu yalianza kuinama ya moyoni.

Kwa watu wa nyumbani Baba alisema, “Nilisahau kuuliza maji.” Bibi alimcheka mpaka siku yake ya mwisho: kaishi Uarabuni miaka yote hiyo na akili bado ya Pemba. Baba alikuwa akicheka naye. Mimi nilikuwa nikinyamaza, na nilidhani ananifichia kosa langu kwa huruma tu, kwamba siku ile yeye pia alikuwa hajui, akaniamini.

Alifariki Nizwa, kwa maradhi ya moyo, mitende tisa ikiwa bado hai.

Miaka baadaye nilirudi kijijini kutafuta zamu ya kununua, hata nusu saa, kwa ajili ya hiyo tisa. Wakili wa falaji, mzee anayesimamia zamu za watu wote pale, alinikaribisha kahawa barazani kwake. Alisema hakuna anayeuza. Kisha akaniuliza mimi ni binti yupi, yule wa kompyuta?

Akanisimulia kwamba Baba alikwenda kwake siku mbili kabla ya saini. Walikaa baada ya sala ya alasiri, wakili akamweleza falaji yote, zamu ya bustani ile ni siku gani na inauzwa na nani, na Baba akasema ataichukua pamoja na ardhi. Siku ya tatu baada ya saini alirudi peke yake kuitafuta. Ilikuwa imeshanunuliwa na mtu wa nyumba ya mapumziko, kwa bwawa lake la kuogelea. Wakili alimuuliza kwa nini hakuinunua siku ile ile, mbele ya dalali. Baba alimjibu kwamba binti yake alikuwa ameshasema mbele za watu.