Kitambaa Chekundu Juu ya Dadu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinipa sanduku lililofungwa, akaniambia nilifungue. Jina lake Elieza, mtu wa Mpwapwa, mrefu, aliyezoea kuongea huku akiangalia dari. Karakana yenyewe ilikuwa Makole, vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani aitwaye Mzee Salimu. Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kufungasha, kwa sababu nilikuwa nimefungasha zabibu kwenye makreti miaka mingi, na kabla ya zabibu nilifungasha madaftari ya shule.

Nikafunua mfuniko. Juu kabisa kulikuwa na kitabu kinene. Nikaurudisha mfuniko taratibu.

"Vipi, mama?"

"Kuna kitabu."

"Ndiyo. Kisome."

"Baba, mimi niliishia darasa la nne. Nimekuja kufunga masanduku, sikuja kufanya mtihani."

Chumba cha pili mtu akaangua kicheko. Akatoka binti mwenye wino vidoleni, Rehema, Mrangi wa Kondoa, ambaye ndiye alikuwa Msanifu, yaani aliyebuni mchezo na kila kilichomo sandukuni. Akasema, "Kaka Elieza, huyu bibi asiondoke. Ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

Ndivyo nilivyopata kazi ambayo sijasikia mwingine akiifanya hapa Dodoma. Waliniita Mfunguzi wa Kwanza. Kila sanduku lilipobadilishwa nililifungua kama mtu asiyejua lolote, nikasema nimekwama wapi. Nikishaacha kukwama, nilirudi kwenye meza yangu kufungasha. Kazi yangu ilikuwa mwanzo tu.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni hadithi inayotungwa na watu wanne au watano waliokaa pamoja. Mmoja ni Msimulizi: anaeleza mahali palivyo na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana karatasi ya mhusika, na mhusika huyo ndiye yeye mpaka mchezo uishe. Anasema anakwenda wapi na anafanya nini. Jambo likiwa la bahati, dadu inarushwa. Hakuna anayemshinda mwenzake. Hadithi ya sanduku letu ilikuwa ya nchi ambayo mvua yake imefichwa ndani ya jiwe, na watu watatu wanatoka kwenda kuirudisha: Sechelela anayefuata nyayo, Mwaluko mlina asali, na Zubeda mpiga zeze.

Nawataja kama ndugu zangu, najua. Lakini ukiwafungasha watu kila siku, ukawalaza kifudifudi ili wino usichubuke, unaanza kuwaona. Msimu wa upepo, vumbi la Makole likipanda hadi jua linafanana na kiini cha yai, nilikuwa nikiinua macho mezani naona watu watatu wanapita nje ya dirisha bila kuharakisha, mmoja amebeba zeze. Sikumwambia mtu. Nilijua wanakoelekea.

Sasa nyinyi mnaotaka kutengeneza sanduku la mtu anayeanza, nawaambia nilichojifunza kwa mikono. Kitabu kiwe chembamba na kikae chini, maana kitu cha kwanza kuguswa ndicho kinachomkaribisha mtu au kumfukuza. Tulikipunguza mara nyingi, Rehema akilia kila ukurasa ulipotoka. Penseli ziwe zimechongwa tayari. Si kila nyumba ina kichongeo, na sitaki wembe mikononi mwa watoto. Dadu zitofautiane rangi. Ukimwambia anayeanza arushe dadu ya pande nane atahesabu mpaka hamu iishe, lakini ukisema rusha ya kijani, anarusha. Mfuniko uwe mpana na wenye kingo, dadu zirushwe ndani yake, kwa sababu watu wengi watakaa kwenye mkeka, na dadu iliyorushwa chini inakimbilia uvunguni. Wahusika wawe wameshaandikwa. Karatasi tupu inatisha.

Vihesabio vya uhai, yaani vile vidude mchezaji anavyotoa akiumia, mwanzoni nilitia karanga. Lilikuwa wazo langu. Siku ya kwanza ya majaribio Mzee Salimu, ambaye alikuwa Mwaluko, alikula uhai wake wote kabla hajafika mtoni. "Nilikuwa na njaa, mama, na huyu Mwaluko naye alikuwa na njaa!" Tukahamia mbegu za ubuyu zilizooshwa na kukaushwa.

Basi tukafika siku niliyoogopa kuliko zote. Mwalimu Yohana wa Kongwa, aliyekuwa msimamizi wa vikundi vya kusoma katika shule za kule, alikubali kulijaribu sanduku. Akilikubali, lingeingia shule zote alizozisimamia. Akilikataa, Elieza alishasema bila kuzunguka, karakana ingerudi kuchapa kadi za harusi, na Rehema angerudi Kondoa kusimamia duka la kaka yake. Rehema aliacha kazi ya ofisini kwa ajili ya sanduku lile. Nyumbani kwao walishaanza kumwita mama wa maboksi.

Mwalimu alileta wanafunzi wanne: Daudi, Joyce, Hamisi, na mdogo wao wote, Pendo. Sharti lake lilikuwa moja. "Mtu yeyote wa karakana asiwaelekeze. Kule Kongwa hamtakuwepo."

Mimi niliruhusiwa kupeleka chai na maandazi, na kunyamaza.

Watoto wakafunua. Nikaona nyuso zao zikifunguka vilevile kama mfuniko. Wakagawana mbegu, wakarusha dadu mfunikoni, Hamisi akambusu Mwaluko kwenye karatasi. Pendo alikuwa anasoma haraka kuliko wenzake, midomo ikicheza. Halafu wakafika kwenye mstari uliosema: mchagueni Msimulizi.

Wakaangaliana.

"Daudi ndiye mkubwa," alisema Joyce.

"Mimi nasoma polepole. Pendo asome."

"Mimi?" Pendo akarudi nyuma kwenye mkeka. "Niwaambie kaka zangu cha kufanya? Siwezi."

Wote wanne wakamgeukia Mwalimu, kama watoto waliolelewa vizuri, wakingoja mkubwa aanze. Mwalimu akatazama pembeni. Chai ikapoa. Kwenye ukingo wa pazia la chumba cha pili niliona vidole vya Rehema vyenye wino vimelishika kwa nguvu.

Hapo nikajua kosa ni la nani. Nimelifungua sanduku lile mara zisizo na idadi, lakini kila mara Msimulizi alikuwa Rehema. Sikuwahi kukwama pale kwa sababu sikuwahi kufika pale peke yangu. Kuona hilo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na sikuliona.

Nikavunja sharti. Nilichukua kitambaa chekundu kilichofunika maandazi, nikakikung'uta, nikamvika Pendo mabegani. Kisha nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, Msimulizi."

Pendo akaficha uso. Mwalimu akainuka. "Mama! Unamwamkia mtoto?"

"Simwamkii Pendo, mwalimu. Pendo atanipa shikamoo yangu nikimvua kitambaa. Huyu ni Msimulizi, ametoka mbali, ametuzidi umri sote humu ndani."

Daudi akacheka mpaka akajishika tumbo. Halafu akaacha kucheka, akapiga goti. "Shikamoo, Msimulizi." Joyce akafuata, na Hamisi.

Sauti ndogo ikatoka ndani ya kitambaa. "Marahaba." Akakaa sawa. "Mmesimama mbele ya jiwe. Jiwe ni kubwa kama mlima. Wekeni masikio. Ndani kuna maji yanatembea."

Watoto wakaweka masikio hewani, na mimi, Mungu anisamehe, niliyasikia. Maandazi yalikaa wazi, nzi wakala, hakuna aliyejali. Nilimwona Zubeda akipanguza vumbi kwenye zeze.

Gari la kurudi Kongwa lilipofika, Mwalimu aliwakatisha katikati. Akamwambia Elieza, "Mama huyu amevunja sharti. Kwa hiyo sanduku limeshindwa."

Elieza akaangalia dari. Rehema akatoka nyuma ya pazia.

"Limeshindwa kwa sababu limepungukiwa kitambaa," Mwalimu akaendelea. "Kitieni. Nitarudi Jumatatu na watoto wengine, na mama asiwepo hata uani."

Mzee Salimu akakata vitambaa. Nikaviweka juu kabisa, juu ya dadu, na karatasi yenye maneno machache: atakayevaa hiki ndiye Msimulizi, mwamkieni. Jumatatu nikabaki nyumbani Nkuhungu nikichambua maharage, nikiyachambua yaliyokwisha kuchambuliwa. Alasiri Rehema akatokea mlangoni, uso hausomeki. Nikamuuliza swali moja tu.

"Nani alikuwa Msimulizi?"

"Anaitwa Furaha, bibi. Mdogo kuliko wote."

Tukalia sote wawili, maharage yakamwagika.

Nimestaafu sasa, baada ya kufungasha masanduku ya shule zote za Mwalimu Yohana. Macho yamechoka, na rangi za dadu zinaniingiliana. Nakaa Nkuhungu na sanduku moja alilonizawadia Elieza, akiangalia dari. Najua kila kitu kinakaa wapi ndani yake, na majina ya wote waliolifungua mbele yangu.

Mwezi uliopita binti mmoja mrefu alibisha hodi. Anasoma chuo hapa mjini. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chekundu kilichopauka, chenye doa la mafuta ya maandazi.

"Siku ile niliondoka nacho," akasema, akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Hii ni ya siku ile."

"Marahaba, Pendo."

Nikamwinua, nikamwomba akivae tena. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa wa mwanzo tu, na sijawahi kujua kama maji yale yalitoka ndani ya jiwe.