Matumbo ya Samaki wa Kilwa

Mke wangu Angélique alikuwa anafanya kazi katika maabara ya biolojia hapa Lubumbashi, na mimi Clément, fundi cherehani, nilimtania miaka mitatu mizima kwamba kazi yake ni kuchunga matumbo. Hakukasirika. Alinieleza huku akimenya mihogo: samaki akila, utumbo wake unatoa homoni inayokwenda kuuambia ubongo basi, inatosha. Homoni hiyo lazima ikute kipokezi chake, kama ufunguo na kufuli lake. Jeni ya kipokezi hicho kwa samaki wa Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, hakuna aliyekuwa ameisoma, na mkubwa wake, Profesa Kakule, alitaka kuisoma.

"Bantu habajalipwa miezi tano, na ninyi munauliza samaki anajua namna gani ameshiba!" nilimwambia. Alicheka mpaka machozi.

Oktoba 1991 askari wasiolipwa wakaanza kupora mji. Kakule alikimbilia Zambia kwa njia ya mpaka wa Mokambo. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Angélique vipande arobaini vya utumbo na ubongo, ili avitunze mpaka apatikane mtu wa kuvipeleka Ulaya. Kila kipande kilifungwa katika kitambaa chepesi pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya alkoli. Alkoli nzuri ya kuvihifadhi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni methanoli: kidogo tu inakupofusha, ukizidisha unazikwa.

Vyombo vya maabara vilikuwa vimeshabebwa na waporaji, kwa hiyo alivileta vipande nyumbani, na mimi ndiye niliyempa bidon, dumu la plastiki. Bidon ya njano ya dada yangu, muuza lutuku, ile pombe yetu kali ya mahindi. Mjinga mimi! Mtaa mzima unajua bidon ile huwekwa nini.

Walikuja saa nane mchana, askari watatu. Tulisikia mlango wa jirani ukivunjwa, kisha buti zao kwenye changarawe yetu. Walitoa redio, wakatoa magodoro, halafu kiongozi wao akaiona bidon chini ya meza. Akafungua kifuniko, akanusa, uso ukamchangamka.

"Lutuku hii!"

"Hapana, papa," Angélique alisema. "Haiko lutuku. Iko sumu, iko na matumbo ya samaki ya kazi ndani. Ukikunywa utakufa."

Askari wakacheka. "Mu kila nyumba banasema vile vile, mama!"

Na ni kweli. Tangu juzi kila mwenye pombe mtaani alikuwa anasema pombe yake ni sumu, ili asiporwe. Tulikuwa tumeshaumaliza uongo huo, basi ukweli wetu ukakosa pa kusimama.

Kwetu mwenye kutoa pombe ndiye anayeonja kwanza, wageni wakiona. Askari alimimina kikombe akaninyooshea mimi. "Papa wa nyumba, onja kwanza."

Mawee, mama yangu! Nilikipokea kikombe. Mdomo wa bunduki ulikuwa kifuani pangu. Nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Pombe iko ya bibi yangu. Yeye ndiye ataonja." Nikampa mke wangu kikombe kile.

Angélique alinitazama. Hakunitukana. Alikipokea, akakipeleka mdomoni, nami nikafumba macho. Kisha nikasikia kishindo. Alikuwa amekitupa kikombe na kuipiga bidon teke; methanoli ilikuwa inaenea kwenye simenti, vifurushi vyeupe vikitawanyika kila upande. Alikanyaga kimoja, utumbo ukachomoka.

"Muangalie! Lutuku gani iko na utumbo?"

Kiongozi akamtandika begani kwa kitako cha bunduki, akatema mate, wakaenda zao na cherehani yangu.

Aliviokota vyote. Lakini alkoli mjini haikuwepo hata tone, na joto la Oktoba hulijui wewe. Kesho yake nzi walijaa. Alivizika nyuma ya nyumba, kwa mkono mmoja kwa sababu ya bega, akisoma karatasi moja moja kabla ya kufukia. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama.

Miezi ikapita, Kakule akaandika kutoka Zambia: samaki wangu wako wapi? Angélique alijibu kwa ukurasa mmoja, akanituma niupeleke kwa dereva wa lori la Sakania, mpakani. Bahasha haikuwa imegundishwa. Niliifungua njiani.

"Profesa, nilivimwaga mwenyewe. Hakuna mwingine wa kulaumiwa."

Niliisoma barua mara tatu nikitafuta jina langu. Halikuwemo. Nilikaa chini kando ya reli nikalia, mwanaume mzima, watu wakipita, maana heri angenitaja, mimi na kikombe kile nilichompa.