Mpira wa Fundi Sikio

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa ameinamia gari jekundu la milango miwili, ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Nilikuwa nimeleta gereji viti vya gari nilivyovishona upya. Nilimsalimu. Aliinua kidole tu: ngoja.

Tulimwita Sikio. Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la zamani, mali ya mfamasia mmoja. Kila Jumamosi yeye na rafiki yake kinyozi walilibishania pale gereji.

"Likipanda kilima, haya ya siku hizi yanakula vumbi!"

"Likiwaka," alisema kinyozi. "Ukilizima likiwa moto, utalisubiri kama bibi harusi. Na hiyo gia ya pili mpaka uibembeleze."

"Hujui kubembeleza, ndiyo maana hujaoa!"

Mimi nilikaa juu ya tairi kuukuu nikisikiliza. Miaka sita nilikwenda hivyo. Maneno hayanitoki mbele za watu.

Mwaka wa saba, masikio ya Sikio yakaanza kumwangusha. Gari lile lina kabureta mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Yeye alizipatanisha kwa mlio tu. Jumamosi moja alihangaika na skrubu tangu asubuhi, gari likakohoa na kuzima. Mfamasia akaninong'oneza kwamba atalipeleka kwa fundi mwingine. Gari ambalo Sikio alililea miaka thelathini!

Sikio hakumsikia, ila uso wake aliusoma. Akanipa mpira.

"Shika, mdogo wangu. Wewe hujayachosha masikio yako kwa domo."

Kabureta ya kwanza ilipumua kama mtu aliyelala. Ya pili ilipiga mluzi. Nikaonyesha kwa kidole: hii, punguza. Akakaza kidogo. Tena kidogo. Mluzi ukafa, injini ikanguruma kwa sauti moja.

"Kumbe bubu naye fundi!" kinyozi akacheka.

Mfamasia alipanda nalo kilimani, akarudi meno yote nje. "Jumamosi nalirudisha hapa hapa."

Tukafanya kazi hivyo, mimi sikio, yeye mkono, mpaka binti yake alipokuja kumchukua akaishi naye. Siku hiyo mfamasia na kinyozi walikuwa wakibishania breki. Aliwatazama midomo, akatabasamu, akanikabidhi mpira wake.

"Usiwaamue, mdogo wangu. Wakinyamaza hao, ujue gari limeuzwa."