Kadi Mbili za Mzee Tayari

Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, kazini na kanisani aliitwa Mzee Tayari, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kazi yake ilikuwa kukagua mitungi ya kuzimia moto, ile myekundu inayoning'inia ukutani, ambayo hakuna anayeitazama mpaka siku ya siku. Aliingia dukani au ofisini na mkoba wake wa ngozi, akautungua mtungi, akatazama kama mshale wa kipimo uko kwenye kijani, akakagua pini na lakiri yake, akautundika kwenye mizani. Kisha akaupindua kichwa chini na kuugonga kitako kwa nyundo ya mpira, ili unga wa ndani usigande. Akimaliza alifunga kadi shingoni mwa mtungi, akaupiga kofi dogo kama mtoto aliyekwisha kuogeshwa, akasema, "Tayari!" Miaka ishirini na mitatu anasema tayari, watu wangemwitaje?

Kanisani nako alikuwa mzee wa kanisa, na somo lake lilikuwa lile lile. Wenzake walifundisha upendo, ndoa, malezi. Yeye ukimpa kipaza sauti alikupeleka moja kwa moja kwenye taa na mafuta ya wale wanawali kumi wa Injili. Je, Bwana akija leo saa saba mchana, wewe una kijiko mdomoni, atakukuta vipi? Watoto wa darasa la Jumapili walikuwa wakimwigiza kwa kijiko, naye alijua na hakukasirika. Tuseme kweli, alipenda kuwatisha watu kidogo.

Sasa, mtu huyu alikuwa na kamchezo kake. Kila asubuhi, baada ya sala na kabla chai haijapoa, alikaa mezani na kutia sahihi kadi zote za siku hiyo. Tarehe, maneno "umekaguliwa, uko tayari", halafu sahihi yenye mkia mrefu. Alidai mezani mwandiko hutoka vizuri kuliko kuandikia gotini. Mkewe alimuuliza mara moja, zamani, "Na ukiukuta mbovu?"

"Nikiukuta mbovu naichana kadi."

Na alichana kweli. Alichana kadi nyingi kwa miaka mingi, wala sitaki kumsingizia. Lakini kadi iliyokwisha kutiwa sahihi ina ushawishi wake, inakuwasha mfukoni kama upele, inataka kufungwa mahali.

Ijumaa moja alikwenda kukagua karakana ya magodoro. Ni jengo refu la mabati. Mbele kuna wanawake kumi na wanane kwenye cherehani, wanashona vitambaa vya kuvisha magodoro. Nyuma sponji zimerundikwa mpaka zinagusa dari. Sponji ikishika moto haikusubiri uvae viatu, hilo alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Mitungi ilikuwa sita. Minne aliikagua barabara, akaigonga, akaipiga kofi. Ilipobaki miwili ilikuwa saa kumi kasoro, na saa kumi na moja yeye ndiye aliyetakiwa kuongoza maombi ya Ijumaa.

Mtunza stoo, bwana mwembamba mwenye kalamu sikioni, alikuna kichwa. "Mzee, hiyo miwili iko kule nyuma, karibu na mlango wa nyuma. Sponji zimeiziba. Kuzihamisha ni saa nzima, na wapakizi wameshaondoka."

Mzee Tayari alitazama saa yake, akatazama ule mlima wa sponji, akatazama saa tena. "Mwaka jana si ilikuwa mizima?"

"Mizima kabisa."

"Basi shika hizi kadi mbili. Mzigo ukitoka, zifunge tu. Wiki ijayo nitapita nihakikishe."

Maombi yalikwenda vizuri mno. Aliomba mpaka akina mama wawili wakatoa leso.

Wiki ijayo ilikuja ikapita. Kulikuwa na hoteli yenye mitungi arobaini, kulikuwa na mazishi, kulikuwa na goti lake la kushoto. Ukitaka sababu hukosi, na Mzee Tayari alikuwa nazo kapu zima. Kila alipoikumbuka karakana alijiambia kesho, na wakati huo huo Jumapili alisimama mbele ya watu akawauliza, kwa sauti ile ile, nani kati yao amehakikishiwa kesho.

Jumapili ya pili, baada ya somo lake, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Akasimama mwanamke mmoja wa makamo, mgeni mgeni bado kanisani, ambaye waumini walimwita Dada Uzi kwa sababu kila Jumapili alikuja na kipande cha uzi kimenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi ni mwoga wa moto. Nilipokuwa mtoto nyumba yetu iliungua, na sisi tulikuwa ndani. Kazini naketi safu ya mwisho, mgongo wangu umegusana na sponji, na miaka yote nilishona roho ikiwa mkononi. Wiki iliyopita nikamuuliza mtunza stoo, hii mitungi ya nyuma tusiyoiona, ni mizima? Akatoa kadi mbili mfukoni, bado hajazifunga, akanionyesha. Nikasoma jina la mzee wetu huyu hapa. Nikasema, kama ni huyu, basi nimlilie Mungu kwa lipi tena? Tangu siku hiyo nashona nikiimba. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee wetu."

Kanisa lilipiga makofi. Mchungaji alimpa Mzee Tayari mkono mbele ya watu wote. Naye aliupokea, akatabasamu, akaketi, na hapo kwenye kiti akahisi jasho likimteremka mgongoni hadi kwenye mkanda. Angeweza kusimama. Kipaza sauti kilikuwa hatua tatu. Alibaki ameketi akifungua na kufunga kitabu cha nyimbo mpaka ibada ikaisha, na Dada Uzi alipomjia kumsalimia alijifanya anatafuta miwani.

Tangu hapo alianza kuiombea karakana. Aliiombea asubuhi, mchana na jioni, tena kwa kuitaja cherehani kwa cherehani: Bwana, uizungushie ukuta, Bwana, uwafunike wale wanawake. Mkewe, ambaye alikuwa akisali naye, alivumilia siku tatu. Siku ya nne alifungua macho kabla ya amina.

"Baba, hiyo karakana ina nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa kuzungukazunguka, akaanzia kwenye sponji, akapitia kwa wapakizi walioondoka, na kadi akaziweka mwisho kabisa, tena kwa sauti ya chini. "Lakini nimemkabidhi Mungu," alimalizia. "Mungu ni mwaminifu."

"Uaminifu wa Mungu naujua, sijakuuliza," mkewe alisema. "Nakuuliza wewe. Kutoka hapa mpaka huko ni mwendo gani?"

"Dakika ishirini."

"Dakika ishirini, na umemwomba Mungu siku nne aende badala yako."

Alinuna siku nzima. Alikuwa bingwa wa kununa, mzee yule, na alinuna hasa pale alipojua ameshikwa pabaya. Alichoogopa si kazi ya kuhamisha sponji. Kurudi kulikuwa na maana ya kumwambia mtunza stoo, na mtunza stoo angemwambia msimamizi, na Dada Uzi angesikia, na Jumapili ingefika. Miaka ishirini na mitatu ya kuitwa Tayari. Aliona haya, na haya ile ilikuwa na nguvu kuliko hofu yake yote ya moto.

Siku iliyofuata, saa saba mchana, alikuwa mgahawani anakula. Kijiko kilikuwa mdomoni, kweli kabisa. Dirishani akaona moshi mweusi ukipanda upande wa karakana.

Alitoka mbio akaacha mkoba, akaacha na chakula chake mezani. Mtu wa miaka sitini na goti bovu alivuka barabara tatu bila kutazama kushoto wala kulia. Na katika mbio hizo, kabla hajamfikiria Dada Uzi, kabla ya wale wanawake kumi na wanane, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: zile kadi. Nitaingia kwa mlango wa nyuma nizitoe zile kadi.

Moshi ulikuwa wa matairi. Mtu alikuwa anachoma takataka kwenye kiwanja kitupu, amesimama hapo na fimbo yake, anachokonoa. "Shikamoo, mzee," alisema. "Mbona mbio?"

Mzee Tayari aliketi juu ya tofali akashika kichwa. Alikuwa ameliona wazo lake waziwazi. Wanawake wanaungua, na yeye anakimbilia kuokoa sahihi. Angekufa pale barabarani, na gari moja lilimkosa kidogo tu, hilo ndilo wazo ambalo angefika nalo mbele za Mungu. Alilia kidogo, na moshi wa matairi ukampa kisingizio, lakini mara hii hakukitumia. "Moshi haunisumbui," alimwambia yule mtu, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

Alirudi mgahawani, akachukua mkoba wake, akaenda karakanani.

"Nimekuja kuhamisha sponji," alimwambia mtunza stoo. "Ile mitungi miwili sikuikagua. Nilikupa kadi za uongo."

Mtunza stoo alitoa kalamu sikioni akairudisha. "Mzee, mbona hilo tulilijua wote wawili?"

"Dada Uzi hakujua."

Alivua koti. Alianza kubeba sponji mwenyewe, moja moja, akizikumbatia kama mtu anayecheza dansi na mnene. Cherehani za safu ya mwisho zilinyamaza. Dada Uzi aliinuka, akaja kumsaidia bila kuuliza, na hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana. Wapakizi wawili wakaongezeka. Katika nusu saa, si saa nzima, ukuta wa nyuma ulionekana.

Mtungi wa kwanza ulikuwa mzima. Mshale kwenye kijani, uzito sawa. Wa pili haukuwepo. Palikuwa na msumari mrefu ukutani, na kwenye msumari huo kadi yake imening'inia vizuri, imefungwa kwa kifundo safi. Umekaguliwa, uko tayari. Na ile sahihi yenye mkia.

"Mzigo ulipotoka, kabla haujaingia huu mwingine, mimi niliukuta msumari mtupu," mtunza stoo alijitetea haraka. "Nikadhani uliuchukua tangu mwaka jana kwenda kuujaza. Nikasema mzee hawezi kunipa kadi ya kitu kisichokuwepo."

Baadaye ilijulikana kwamba dereva wa lori aliuazima tangu mwaka jana na hakuurudisha. Lakini wakati ule hakuna aliyemfikiria dereva. Dada Uzi alisogea akaisoma kadi, polepole, kama mtu asomaye barua. Uzi mweupe ulikuwa kwenye kitambaa chake kama kawaida.

"Kwa hiyo wiki zote hizi," alisema, "nilikuwa naimba kwa ajili ya msumari."

Mzee Tayari alikuwa na maneno tayari ulimini. Alikuwa mwalimu, maneno hayakumpungukia kamwe: tazama jinsi Mungu alivyokulinda, dada yangu, hata pasipo mtungi. Na ni kweli alilindwa. Lakini neno hilo halikuwa lake kulisema, angelisema ili ajikoshe nalo, na alijua. Akalimeza.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikuwa na haraka ya kwenda kuombea watu. Nisamehe."

"Nimesimama mbele ya kanisa, mzee. Nimemshukuru Mungu kwa uongo wako."

"Jumapili nitasimama mimi."

"Utasema yote? Na huu msumari?"

"Na msumari. Na jambo lingine baya zaidi, ambalo hulijui bado."

Hakumwambia pale pale kuhusu moshi na zile mbio zake. Alimwambia Jumapili, pamoja na kanisa zima, na mchungaji akampumzisha ualimu kwa muda, na wapo waliocheka nyuma ya vitabu vya nyimbo, hayo yanajulikana. Lakini siku ile ya msumari alikwenda kwanza stoo kwake akaleta mtungi mpya, akaubeba begani dakika ishirini, na goti lake likimlaani njia nzima. Alitaka kuutundika. Dada Uzi akamzuia.

"Pima mbele yangu."

Akapima mbele yake. Akamwonyesha mshale, akamwonyesha pini na lakiri, akamsomea mizani, akaupindua akaugonga kitako. Akatoa kadi tupu mkobani, akapiga goti lake bovu sakafuni, akaiandika pale pale juu ya paja, kwa mwandiko uliopinda. Akaifunga. Ile ya zamani aliichana vipande vipande. Mkono ukainuka wenyewe, kwa mazoea, ukaupiga mtungi kofi dogo.

Cherehani zote kumi na nane zilikuwa kimya. Wanawake wote walimjua, walikuwa wanangoja lile neno lake. Lilikataa kutoka.

"Sema basi," Dada Uzi alimwambia, na sauti yake haikuwa kali tena. "Uko tayari au hauko?"

"Huu uko tayari," alisema. "Mimi bado."

Akamwomba amshike mkono ainuke, maana goti lilikuwa limekwama.