Breki Alizozitukana Dada Kasoro

Dada yangu mkubwa anauza fanicha za mitumba, na sokoni wanamwita Kasoro. Kabati likishushwa mbele yake, kabla hajaligusa ameshasema limeliwa na wadudu. Muuzaji hujitetea, na katika kujitetea huko bei hushuka. Ndiyo biashara. Ukionekana umekipenda kitu, utauziwa chongo kwa bei ya jicho zima.

Safari hii alitaka gari, la mtumba pia, lenye kitanda, jiko na choo ndani, kwa ajili ya mama. Mgongo wa mama hauwezi tena kukaa kitini safari nzima, na mdogo wake, mama yetu mdogo, yuko hoi kitandani ng'ambo ya milima. Mbele ya mwenye gari Kasoro hakuyataja hayo. Alilizunguka, akapiga teke tairi, akasema, "Na breki zenyewe mbovu." Hakuwa amezikanyaga. Yule bwana akatazama chini, akapunguza bei bila kubisha. Tuliondoka tunagongeana mikono.

Asubuhi ya safari mama alishalala kitandani ndani ya gari, majirani wamejipanga getini kutuaga. Kasoro akarudisha gari nyuma, pedeli ya breki ikazama mpaka chini. Akapampu, akapampu tena, likasimama karibu na ukuta. Aliwaambia majirani kuwa injini haijapata moto, kisha akamwita fundi wa mtaani.

Fundi alikagua magurudumu na mipira ya kupitishia mafuta, vyote vikavu. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Akamwambia dada akanyage bila kuachia. Pedeli ilikuwa ngumu, halafu ikashuka taratibu kama mguu kwenye tope. Akasema mafuta hayavuji nje, yanapita ndani kwa ndani: rababa za masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, zimelika. Barabara ya tambarare ungepampu ukafika. Kwenye mteremko, hapana. Akauliza kama muuzaji alisema lolote kuhusu breki, maana kama alificha huenda gari likarudishwa.

Kasoro alikuwa akichomoa nyuzi za mtandio wake. Mimi nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia ni mbovu," alisema.

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Ni maneno yangu ya kila siku."

Fundi akacheka kidogo, akajizuia. "Sasa dada, utamrudishia kwa lipi? Umeuziwa ulichokisema."

Kasoro akauliza kama haiwezekani kwenda polepole. Fundi alifuta mikono tu. Mama akaita kutoka ndani: mbona hatuondoki, si gari lilikaguliwa? Kasoro ndiye aliyemwambia hivyo.

Nilidhani atabuni jingine. Hajawahi kukosa neno. Alipanda, akashika ukingo wa kitanda.

"Mama, halijakaguliwa. Breki hazifanyi kazi. Niliogopa nikilijaribu yule mtu ataona nalitaka."

Mama akasema, "Nipe mkono nishuke."

Walipita katikati ya majirani, ambao ghafla walikuwa na mengi ya kutazama chini. Kasoro alibeba mto wa mama kifuani. Barazani mama aliomba simu, akampigia mdogo wake.

"Leo sifiki," alisema. "Gari limeharibika."

Mama mdogo aliuliza limeharibikaje. Mama akamtazama Kasoro.

"Sijui," akajibu. "Magari ndivyo yalivyo."

Dada yangu alibaki pale na ule mto, akingoja atajwe. Hakutajwa.