Mafiga Matatu Kwenye Kaburi la Susu

Nilipokuwa mtoto wa kubeba nusu debe, kwa sababu debe zima lilikuwa bado linanishinda, bibi yangu mzaa mama alikufa akazikwa kwenye makaburi ya misheni. Sisi Wakamba bibi tunamwita Susu. Siku hizi watu wanasukumana kupata nafasi kule, lakini wakati huo kuzikwa misheni ilikuwa aibu. Ilimaanisha huna shamba. Mwenye shamba alizikwa kwake, kando ya mahindi yake, na hakuna mtu aliyekuja kumpimia urefu wa msalaba.

Susu alikuwa na shamba huko Masii. Mume wake alipokufa, shemeji yake akamfukuza, hata jembe hakumpa. Akaondoka na kitu kimoja tu: mafiga yake, yale mawe matatu ya jikoni. Aliyabeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, jiwe moja moja, safari tatu kwa miguu kutoka Masii hadi kwetu Mumbuni. Watu walisema amerukwa na akili. Mimi nilimwuliza, kwani mawe yameisha Machakos?

"Mawe ya mtoni yanapasuka kwa moto," akaniambia. "Haya hayapasuki. Na mtu akipikia haya bila mimi kumpa, chakula chake hakiivi. Tena nikiwa nimekufa nitalazimika kusimama jikoni kwake, nimpikie mpaka mwisho wa dunia. Unataka Susu yako awe boi wa mtu?"

"Hapana, Susu."

"Basi nikifa niwekewe juu ya kaburi."

Tukamwekea. Figa moja upande wa kichwa, mawili miguuni. Lile la kichwani lilikuwa na mfereji mdogo ubavuni, mahali aliponolea kisu miaka yote. Mimi na mama tulirudi nyumbani tumeridhika.

Haukupita muda, katekista wetu akasimama mbele ya kanisa na karatasi. Aliitwa Nzioka, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliyependa sheria kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Akasoma: msalaba uwe wa mbao, upakwe rangi nyeupe, usipite kiuno cha mtu mzima. Maua yawe mabichi. Vibuyu, vyungu, vikombe, shanga na mawe ni mambo ya kipagani, vyote vitatolewa. Kweli vikatolewa. Alipita na vijana wawili na toroli, wakabeba kila kitu, wakamwaga nyuma ya ua wa kanisa.

Nilikwenda kwenye lile rundo kutafuta mafiga. Nilipekua vibuyu vilivyopasuka na vikombe vya watoto waliokufa, mpaka mikono ikawa myeupe kwa vumbi. Mawe ya Susu hayakuwepo.

Niliyaona Jumamosi iliyofuata. Sisi watoto wa mafundisho ya kipaimara tulikuwa tunamtekea katekista maji na kumwokotea kuni, eti ni sehemu ya kujifunza unyenyekevu. Niliingia jikoni kwake na debe langu nusu, na pale, chini ya sufuria, nikaona ule mfereji wa kisu. Nikainama nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa moto.

Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na katekista ndiye aliyepewa heshima ya kumlisha. Sufuria kubwa ya kupikia watu wengi inataka mawe makubwa yasiyopasuka. Basi yale ya kipagani yakafaa.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nyamaza," akasema. "Huyo ndiye anaandika majina ya kipaimara."

"Lakini Susu anampikia!"

"Nimesema nyamaza."

Nilinyamaza. Lakini usiku sikulala vizuri, na mchana nikiwa darasani nilikuwa namwona Susu amesimama kwenye moshi wa jikoni kwa Nzioka, anakoroga, anapuliza moto, anaitwa afanye haraka. Susu ambaye hakuwahi kuitwa haraka na mtu yeyote akiwa hai! Hasira ile siwezi kuieleza. Nilikuwa na miaka kumi, lakini nilichukia kama mtu mzima.

Siku yenyewe tulitumwa maji kabla jua halijapanda. Wenzangu walikwenda mtoni. Mimi nilikwenda kwenye kisima cha chini, kile cha maji ya chumvi, ambacho watu walitumia kunyweshea ng'ombe na kufua magunia. Kila mwanamke wa kwetu anajua: ukipikia maharagwe maji ya chumvi, utamaliza kuni kabla hayajalainika. Nilikwenda na kurudi mpaka shingo ikakaa upande. Wenzangu walijaza pipa la kuoshea vyombo. Mimi nilijaza sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya kumlisha Askofu.

Mke wa katekista, mama mmoja mpole aliyenipa kipande cha mhogo kwa bidii yangu, akawasha moto.

Misa ikaanza, misa ikaisha. Nilipakwa mafuta kwenye paji la uso, nikajibu "Amina," nikatoka mbio kwenda kuangalia sufuria. Akina mama walikuwa wameizunguka. Mmoja alikuwa anabonyeza harage kwa kidole gumba.

"Risasi," akasema. "Hii unaweza kuua nayo ndege."

"Ongeza kuni."

"Kuni gani tena? Tumechoma mpaka kiti."

Jua likapita utosi, likaanza kushuka. Wageni walikuwa wamekunywa chai mara mbili. Kisha mama mmoja mzee, rafiki wa Susu, akachuchumaa, akatazama chini ya sufuria kwa muda mrefu.

"Hii mafiga ni ya nani?" akauliza.

Akina mama wakainama, nao wakatazama.

"Ni ya Susu yangu," nikasema. "Ilitolewa kwa kaburi."

Mke wa katekista aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Akajifuta mikono kwenye leso, akajifuta tena, akajifuta tena. Halafu akaita, na sauti yake ilifika mpaka kwenye turubai la wageni.

"Nzioka! Kuja hapa! Hii mawe ulisema umetoa wapi?"

Akaja katika kanzu yake nyeupe ya ibada, akitabasamu kwa ajili ya wageni, akamjibu mkewe. "Mama Mbithe, si uongee polepole. Mawe ni mawe."

"Kama mawe ni mawe, si ungechukua ya mtoni? Unanipikisha na maiti! Rudisha. Rudisha sasa hivi, ama usiku ulale hapa nayo."

Alitaka kuyamwagia maji yapoe haraka. Yule mama mzee akamzuia, akamwambia akiyapasua atajibu. Basi akangoja, amesimama jikoni kati ya wanawake, hana la kufanya na mikono yake. Yalipoweza kushikika kwa gunia, akamwita kijana ayabebe. Mke wake akasema, "Wewe ndiye uliyachukua."

Akabeba. Jiwe lilikuwa zito na ni moja tu liliweza kwenda kwa mara moja. Akapita mbele ya turubai, mbele ya padri, mbele ya Askofu aliyekuwa anakula mkate na ndizi, masizi yakimshuka kifuani kwenye kanzu nyeupe. Akaenda makaburini, akarudi. Akabeba la pili. Akarudi. Nilizihesabu kwa sauti ya chini nikiwa nyuma yake: safari tatu, kama za Susu. Mama yangu alisimama kando ya njia, mkono mdomoni. Sijui kama alikuwa anaficha kicheko au anaomba Mungu.

Padri aliamuru mawe yaachwe pale, na karatasi ya sheria haikusomwa tena kwa muda mrefu.

Sikujuta. Nimeungama vitu vingi tangu hapo, sukari niliyoiba, majirani niliowasema, lakini maji ya chumvi sijawahi kuyapeleka kwa padri. Yule mke wa katekista tu ndiye hunisumbua kidogo. Alinipa mhogo.

Kuna jambo lingine. Nimekuwa mke na mama, na miaka ya kiangazi nimepikia maji ya kisima kile kile, kwa sababu hakukuwa na mengine. Maharagwe yanachelewa, ndiyo. Unalaani, unaongeza kuni, lakini mchana yanaiva. Yale ya Askofu yalimwagwa jioni yakiwa bado magumu, na kuku wa katekista waliyakataa. Chumvi ilikuwa yangu. Yaliyobaki hayakuwa yangu.

Mwaka huu parokia imeweka kibao kipya getini. Hakuna vigae, hakuna maua ya plastiki, hakuna picha, msalaba una kipimo. Mwenyekiti wa kamati ya makaburi alikuja kwangu na fomu, kwa sababu nimeomba nizikwe kando ya Susu. Ni mjukuu wa Nzioka, ana sauti ile ile.

"Susu," akaniambia kwa heshima, "hapo kuna mawe matatu. Mashine ya kukata nyasi inagonga. Tutayatoa."

"Yatoe," nikamwambia. "Lakini uyabebe mwenyewe, moja moja, mchana, watu wakiona. Na kabla hujaanza, nenda ukamwulize baba yako kwa nini babu yako hakupenda maharagwe."

Alicheka. Kisha hakucheka. Juzi nilipita pale nikakuta nyasi zimekatwa vizuri pande zote, na kuzunguka mawe zimeachwa zimesimama.

Wakati ule nilidhani namwadhibu Nzioka, na kweli nilitaka aaibike mpaka mifupani. Sasa nikiwa na umri wa Susu naona nilikuwa namtoa mwanamke mzee kwenye jiko la mtu. Kama amelala vizuri, mimi sijui, wala padri hajui. Lakini hampikii mtu.