Barafu ya Mama

Juzi nilimwona Nadine, binti wa mama mdogo, kwenye simu yangu. Siku hizi ni mshambuliaji wa hoki ya barafu kule Kanada, analipwa kwa kazi hiyo, na uwanja mzima ulikuwa unaita jina lake. Mama alinipokonya simu ili amtazame vizuri.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Kamalondo. Mama mdogo, aliyehamia kule na Nadine wake, alipiga simu akipaza sauti: "Nadine anacheza juu ya glace!"

Kwangu glace ilikuwa ile barafu aliyouza Mama, yenye harufu ya samaki wa kwenye friza, na kucheza kulikuwa kucheza dansi. Wivu ulinikaba. Nilitoa pande kubwa kuliko yote, nikaliweka uani, nikalipanda miguu mitupu na kutikisa kiuno. Liliteleza, nikaanguka, likapasuka.

"We mutoto! Glace ya bantu!" Mama alipiga kelele, maana lile lilikuwa la wateja.

"Nadine naye anacheza!"

"Nadine iko na akili."

Juzi Nadine naye alianguka, puu, mbele ya watu wote. Mama akaipapasa simu yangu: "Pole, mutoto yangu."

Mimi siku ile alinipa ufagio.